Sala Wakati wa Hofu: Ushuhuda wa Masasi na Newala

(Mhadhara wa umma uliosomwa Lisekese, Masasi)



Niliyotakiwa kuyasema jioni hii ni habari ya Mkristo anayekimbilia sala pale wasiwasi unapomkamata, na ingawa ningaliweza kuianza habari hiyo katika vitabu vya elimu ya dini, ambamo imeandikwa kwa wingi na kwa ustadi, nimeona ni adabu zaidi, maadamu tumekusanyika chini ya milima hii ya Masasi, kuianza katika ardhi tunayoikanyaga. Kwani ni nchi chache katika upande huu wa Afrika ambazo Ukristo wake ulilelewa na hofu kama ulivyolelewa huu wa kwetu, na mtu akitaka kujua sala hufanya nini ndani ya moyo ulioingiwa na woga, na nini haiwezi kukifanya, atawapata mashahidi hapa hapa kabla hajakwenda kuwatafuta Roma au Canterbury.

Watu wa kwanza kukusanyika kwa sala ya Kikristo mahali hapa walikuwa watumwa waliokombolewa. Askofu Edward Steere aliwatoa Unguja mwaka 1876 akapita nao Lindi, naye alikuwa amekusudia kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walikuwa na asili yao. Lakini walipofika Masasi, katika mwezi wa Novemba, wakaona maji yapo na udongo ni mwema, wakaomba wakae, naye akawaridhia. Hawa hawakuwa watu wa kufundishwa hofu na mahubiri, kwa kuwa walikwisha kuisoma katika kongwa na jahazi na soko. Na sala walizokuja nazo zilikuwa za Kiswahili, ambazo Steere na wasaidizi wake walikuwa wamezitafsiri na kuzipiga chapa Unguja, maneno yaliyokwisha kupangwa, yenye saa zake na kengele yake, asubuhi na jioni, mvua inyeshe au jua liwake.

Hata mwaka 1882, Steere alipofariki Unguja katika mwezi wa Agosti, mwezi uliofuata Wamagwangwara, kama Wangoni wa Songea walivyoitwa zama hizo, waliingia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka kwenda magharibi, wakiwa ni watu wale wale waliokwisha kukombolewa mara moja katika utumwa. Sasa, msimulizi mwenye uchaji mwingi kuliko uangalifu angependa kutuambia kwamba Wakristo walipiga magoti, na adui, alipoiona nuru fulani juu ya paa la kanisa, akageuza njia. Hasha! Walisali, na adui akaja. Jambo hilo lisipowekwa wazi tangu mwanzo, yote yatakayosemwa juu ya sala na hofu yatakuwa ni maneno ya kubembelezea watoto.

Lakini tutazame kilichofuata, maana hapo ndipo ninapopaona penye elimu. Padre Chauncy Maples, aliyekuwa mkuu wa kituo, hakukaa chini kungojea muujiza wa pili baada ya ule wa kwanza kutotokea. Alishauriana na watekaji na mali ikatolewa ili watu wakombolewe, na Padre Porter akafunga safari hadi nchi ya Wamagwangwara wenyewe, safari ambayo mwenye akili timamu asingaliichukua kwa ajili ya biashara, akiwatafuta waliopotea. Jumuiya iliyosalia ikapanda uwanda wa juu, ikakaa Newala karibu na Mwenye Matola, Myao aliyewapokea wageni wakiwa na vilio vyao, na huko kengele ikapigwa tena asubuhi na jioni kama kwamba hapakuwa na lililotokea, au, kwa kusema kweli zaidi, kwa sababu lilikuwa limetokea. Sala haikuwaondolea hofu yao. Iliwapa mahali pa kuikalisha, ikawaachia miguu iende.

Ndiyo hoja yangu yote, nami sitaificha mpaka mwisho: hofu humnyamazisha mtu na kumtenga, na kazi ya kwanza ya sala, kabla ya kazi yoyote mbinguni, ni kumrudishia ulimi na kumrudishia wenzake.

Ushahidi wa pili ni wa mwaka 1905, nao ni mgumu zaidi, kwa kuwa mwaka huo watu wa kusini walikuwa na hofu moja na dawa mbili. Hofu ilikuwa ni Mdachi, yaani Mjerumani, na pamba yake ya lazima, na kodi yake, na kiboko chake. Dawa ya kwanza ilikuwa maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, na dawa ya pili, ikiwa tutakubali kuiita dawa, ilikuwa sala. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti, na mwezi huo huo vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kufika huku kwetu; kanisa la Masasi likachomwa moto, wamisheni Wazungu wakakimbilia pwani, na Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini, aliyekuwa njiani pamoja na wenzake kuelekea bara, akauawa. Mimi si miongoni mwa wanaoyacheka maji yale. Yaliwaunganisha watu wa makabila yasiyopata kuunganishwa na jambo lolote kabla yake, nayo yaliwatoa katika upweke wa hofu, jambo ambalo nimekwisha kulisifu katika sala. Tofauti imo katika ahadi. Maji yaliahidi kwamba risasi haitapenya, na ahadi ya namna hiyo hukaguliwa na risasi siku ya kwanza, tena bila rufaa. Ilhali sala aliyoisali Askofu Spiss asubuhi ile haikuwa imemwahidi kwamba mkuki utapinda. Na tukumbuke pia, ili tusijipambe, kwamba Nakaam wa Chiwata, Mkristo aliyebatizwa kwa jina la Barnaba, alisali na pia alishika silaha na kuwapanga watu wake, wala sijasikia kwamba aliona hitilafu yoyote kati ya mambo hayo mawili.

Ugonjwa ulio ndani ya nyumba yetu wenyewe ni ule wa kuigeuza sala iwe maji ya Ngarambe kwa jina jingine. Msalaba unafungwa shingoni kama hirizi, chupa ya maji ya baraka inawekwa juu ya mlango, na siku hizi mafuta ya upako yanauzwa na kununuliwa kwa bei iliyoandikwa. Sisemi kwa dharau, kwani bibi zetu waliofanya hayo walikuwa na imani kutuzidi; nasema tu kwamba mwenye kuuza ahadi ya risasi isiyopenya, awe amevaa kaniki au joho, atakuja kuulizwa hesabu yake.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914, Wadachi waliwakamata wamisheni Waingereza wa UMCA, misheni ile ya Steere na Maples, wakawaweka kizuizini, mpaka Tabora ilipoanguka mwaka 1916. Makanisa ya huku yakabaki mikononi mwa makasisi na walimu Waafrika, katika nchi iliyokuwa ikinyang'anywa nafaka na vijana wake, wanaume wakichukuliwa kuwa wapagazi ambao wengi hawakurudi, hadi majeshi yenyewe yalipotufikia na kupigana Mahiwa mwezi wa Oktoba 1917, pale karibu na Nyangao. Katika vijiji vingi hapakuwa na padre wa kuadhimisha misa kwa miezi. Palikuwa na mwalimu, na kitabu, na watu. Nami naona kwamba hapo ndipo sala za kitabu, ambazo vijana wa leo huziona baridi, zilipoonyesha thamani yake. Maana mwalimu aliyekuwa na njaa kama waumini wake, na hofu kama yao, asingaliweza kutunga kila jioni maneno mapya ya kuwatia watu nguvu, walakini aliweza kusoma.

Nimekishika mkononi, katika nyumba moja ya Newala, kitabu cha sala cha zamani kilichotunzwa ndani ya kipande cha kanga, jalada lake likiwa limekwisha na kushonwa upya kwa uzi wa gunia. Kurasa za harusi zilikuwa safi kama zilivyotoka kiwandani. Kurasa za Litania zilikuwa nyeusi pembeni, penye kidole gumba, na jani moja lilikuwa limetoboka. Litania, kwa wasioijua, ni sala ndefu ambayo msomaji hutaja mabaya na watu huitikia kwa maneno mafupi yasiyobadilika. Nayo haioni haya kutaja, maana huhesabu tufani, na tauni, na njaa, na vita, na kifo cha ghafla, kimoja baada ya kingine, kama karani anayekagua ghala. Mtu mwenye wasiwasi anajua kwamba usiku hofu yake haina jina. Huzunguka kichwani ikibadilika sura, mara ni mtoto aliye safarini, mara ni deni, mara ni maumivu ya kifua. Kuitaja kwa sauti, mbele ya jirani anayeitikia, ni kuipunguzia nusu ya ukubwa wake. Wanawake wa uwanda wa Makonde, kabla ya mabomba kufika, walikuwa wakishuka gengeni gizani kuteka maji bondeni, na njia waliyoishika haikuwa ya kubuniwa usiku ule, bali ilikwisha kulainishwa na nyayo za mama zao. Sala ya kitabu ni njia ya namna hiyo. Na Mwinjili Mathayo, anapoisimulia bustani ya Gethsemane, anaandika kwamba Bwana mwenyewe, alipokuwa katika dhiki iliyo kubwa kuliko zote, alirudi kusali mara ya tatu akisema maneno yale yale. Hakuwa na mapya, wala hakuyatafuta.

Lipo jambo moja ambalo wageni huliona dogo, nasi tuliozaliwa huku twajua uzito wake. Nchi hizi za Ruvuma zimepata kuwa na simba wala watu, kama walivyotokea Tunduru katikati ya miaka ya 1980, na kila simba anapoua, yapo maneno yanayomfuata kichakani: kwamba huyu si simba wa Mungu, ni simba wa mtu. Basi hofu ya mnyama inahama usiku mmoja ikawa hofu ya jirani, kikongwe mwenye macho mekundu anaanza kutazamwa, na kijiji kilichokuwa na adui mmoja porini kinapata maadui ishirini majumbani. Hapa mtu huuliza, sala itafaa nini? Itafaa, au haitafaa, kwa kadiri inavyosaliwa. Ikiwa ni ya kumwomba Mungu amfichue mchawi, basi imekuwa ramli. Lakini Sala ya Bwana, ambayo kila mbatizwa aliijua kwa moyo, haimruhusu mtu kufika mwisho wake bila kupitia kwenye msamaha wa aliyemkosea, na mwenye kuisema pamoja na kikongwe yule, bega kwa bega katika fomu moja, ana kazi ngumu asubuhi kumshika ukosi. Sidai kwamba imewazuia wote. Makosa yametendwa na wabatizwa, tena wengine walitoka ibadani moja kwa moja.

Hofu za leo zimebadilika majina. Mkulima wa korosho anayelala na stakabadhi ya ghala chini ya mto, akingojea malipo, kama walivyongoja wengi baada ya Serikali kutangaza mwishoni mwa mwaka 2018 kwamba itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likatumwa kuzisomba, hana simba mlangoni, walakini usingizi wake ni ule ule wa vipande. Na mwaka 2020 taifa zima liliingiwa na hofu ya pumzi. Rais wa wakati huo aliita watu katika siku tatu za maombi, tarehe 17 hadi 19 Aprili, na nyumba za ibada hazikufungwa. Nilifurahi kwa hilo, sioni aibu kusema. Lakini kabla ya katikati ya Mei takwimu zilikoma kutangazwa, zikiwa zimefikia wagonjwa 509, na hapo naona tuliacha desturi ya wazee wetu. Kwani Litania hutaja tauni kwa jina lake, na Maples alijua ni watu gani waliochukuliwa, kwa sababu alikusudia kuwafuata. Taifa linalosali na kukataa kuhesabu limechukua nusu ya sala na kuiacha ile nzito.

Sina budi kugusa jambo la tiba, kwa kuwa wapo wahudumu wa hospitali za Mkomaindo na Ndanda katika hadhira hii, nao wangenicheka nikilipita. Wamisheni waliotuletea kitabu cha sala walituletea pia hospitali, na Dk. Leader Stirling, aliyefanya upasuaji Lulindi tangu miaka ya 1930 na baadaye akawa Waziri wa Afya wa nchi hii, hakuwa mtu wa kuulizwa kama kisu na sala vinagombana. Upo wasiwasi ulio ugonjwa: moyo unaodunda bila sababu, usingizi unaokosekana kwa majuma, mtu kuona kifo kila anapopanda basi. Mwenye huo asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Kumwambia hivyo ni kumwongezea mzigo, kisha ni kusema uongo, maana Zaburi zimejaa waumini waliolia hivyo hivyo, na hakuna aliyewafuta katika Biblia. Apelekwe kwa tabibu, na anayempeleka asali naye njiani.

Ombi langu kwa mapadre waliopo hapa ni dogo. Katika wodi, mgonjwa aliyepigwa na hofu aghalabu hukabidhiwa sala ndefu ya kubuni, iliyojaa ahadi, naye hana nafasi ya kutia neno. Mpeni maneno mafupi anayoyajua tangu utoto, yasemeni naye polepole, mwacheni aitikie kwa sauti yake mwenyewe hata ikiwa inakatika, halafu kabla ya kuondoka mwulizeni kama amekunywa dawa ya saa mbili, na kama kuna mtu wa kulala naye usiku huo.