Gemu za Vita kwa Watoto: Tunataka Sheria, Hatutaki Msako



Wazazi wanataka gemu za kuuana zipigwe marufuku kabisa. Wewe unayecheza unasema wazee wanaogopa kila kitu chenye skrini. Mimi nasema hivi: sheria kali zaidi inahitajika, lakini imshike mwenye biashara. Isimguse mtoto.

Hebu pita mtaani kwako saa za jioni, madrasa zikishatoka. Banda la mabati, skrini tatu nne, shilingi kumi au ishirini unacheza. Skrini ya kwanza ni mpira, na mpira hauna neno. Ya pili ni GTA. Ya tatu ni Call of Duty. Ulaya gemu hizo huwekwa alama ya miaka 18, Marekani 17. Aliyekaa mbele ya skrini ana miaka tisa, kanzu bado iko mwilini, na mwenye banda hajamuuliza kitu isipokuwa pesa.

Na sio kwamba Kenya haina chombo. Tunayo Bodi ya Uainishaji wa Filamu, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Sheria hiyo ni ya tangu 1962, enzi ambayo filamu ilikuwa mkanda na sinema ilikuwa jengo. Mwaka 2014 bodi ilipiga marufuku The Wolf of Wall Street, na 2018 ikapiga marufuku Rafiki. Yaani mtu mzima mwenye kitambulisho anakatazwa filamu, na mtoto wa darasa la tatu anaachiwa banda.

Lakini tukienda kudai, twende na hoja za kweli. Usisimame mbele ya watu useme gemu zinazalisha wauaji. Shirika la wanasaikolojia wa Marekani, APA, lilirudia kuupima ushahidi mwaka 2020. Lilikubali kuna uhusiano mdogo kati ya gemu hizi na ukali wa kawaida kama kupiga kelele na kusukumana, lakini likasema ushahidi hautoshi kuzilaumu kwa mauaji. Wallahi ukizidisha chumvi hapo, atakayekupinga atakumaliza kwa dakika moja. California walipitisha sheria 2005 ya kuzuia watoto wasiuziwe gemu za ukatili, na 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa kwa majaji saba dhidi ya wawili. Moja ya sababu ni kwamba ushahidi wa madhara haukuwatosheleza. (Seneta aliyeisukuma sheria ile, Leland Yee, alikuja kukamatwa 2014, na moja ya mashtaka ilikuwa njama ya biashara ya silaha. Sio za gemu, za kweli!)

Kinachoniuma mimi ni nani anayeuliwa kwenye hizo gemu. Chukua Six Days in Fallujah. Inahusu vita vya Fallujah, Iraki, Novemba 2004, mji ambao raia kwa mamia waliuawa, na wewe unacheza kama mwanajeshi wa Marekani. Kampuni ya Konami iliiacha 2009 baada ya malalamiko. Ikafufuliwa, Waislamu wa Marekani kupitia CAIR wakaomba mwaka 2021 isiuzwe, na 2023 ikatoka hivyo hivyo. Mtu mzima anaweza kuitazama akajua hii ni hadithi ya upande mmoja. Mtoto wa miaka tisa anajuaje? Anajifunza kwamba anayezungumza Kiarabu, lugha aliyotoka kuisoma madrasa saa moja iliyopita, ndiye wa kupigwa risasi. Anapewa alama kwa hilo.

Tena kampuni hizi zikitaka, zinaweza. Mwaka 2021 kurasa za Qur'ani zilionekana zimetapakaa sakafuni ndani ya Call of Duty: Vanguard. Waislamu wakapaza sauti, Activision ikaomba radhi na kuziondoa mara moja.

Sasa sikiliza, manake hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka marufuku. Marufuku inatekelezwa na nani? Na polisi. Machi 2019, mjini Rajkot, India, polisi walitangaza marufuku ya PUBG, na katika siku chache wakakamata vijana, wanafunzi wa chuo wakiwemo, kwa kucheza kwenye simu. Kwenye simu zao! Fikiria amri kama hiyo Majengo, Kisauni au Eastleigh. Sisi tunakumbuka Februari 2014, Masjid Musa, Mombasa, zaidi ya watu 100 walivyozolewa, watoto wakiwemo. Tunakumbuka Aprili mwaka huo huo, watu wa Eastleigh walivyorundikwa Kasarani. Usimpe afisa sababu nyingine ya kumsimamisha kijana na kumwambia, "Leta simu nione unacheza nini."

Kwa hivyo tunadai hivi. Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia burudani za umma, sinema na maonyesho ya video yakitajwa kwa jina. Banda la gemu ni biashara ya burudani. Basi leseni yake iwe na masharti: umri ubandikwe ukutani, gemu za watu wazima zisiwashwe mbele ya watoto, na mtoto asiingie saa za shule. Anayevunja ni mwenye leseni, na adhabu ni faini, kisha kunyang'anywa leseni. Mkaguzi awe wa kaunti, bila bunduki. Mtoto akikutwa ndani arudishwe kwao, basi.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inakupa wewe haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Huhitaji wakili.

Kabla ya Ijumaa ijayo, hesabu mabanda ya mtaani kwako. Andika yako mangapi, yako umbali gani na shule au madrasa, na watoto wanaruhusiwa gemu gani. Usipige picha ya mtoto yeyote, na usitaje jina la mwenye banda, manake wengi ni vijana wenzetu wanaotafuta riziki, na nao tutawaita mezani tukiandika ombi. Tutumie hapa kwenye ukurasa, na utuambie uko wadi gani.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.