Mpeni Kijana Usukani

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya vyombo vidogo vya tanga, na kwa nini vijana wanavikimbia.

Mpwa wangu alianza kutoka na ngalawa akiwa na miaka 12. Alipotimiza 15 akaacha. Nilipomwuliza sababu, hakutaja masomo wala mpira. Alisema, "Mjomba, miaka mitatu nafua maji tu." Nikamwendea nahodha wake. Mzee akanijibu kwamba usukani si kitu cha watoto. Nikamwuliza, "Na wewe mzee wangu, uliushika una miaka mingapi?" Akacheka, akaanza kunieleza habari za upepo. Nahodha huyu hana wa kumrithi. Siku akiacha yeye, ngalawa itaozea mchangani.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1947 huko Clearwater, jimbo la Florida nchini Marekani, Clark Mills alibuni mashua ndogo ya watoto iitwayo Optimist. Urefu wake ni mita 2.3, tanga moja, mtoto mmoja. Imeenea dunia nzima, hata huku mwambao ipo. Lakini katika mashindano yake, mwisho ni mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 15. Hapo ndipo wengi hupotea: mashua ya utotoni imemkataa, na ya wakubwa bado inamshinda nguvu.

Wenzetu wa mashua ya Laser, iliyochorwa na Bruce Kirby wa Kanada na ambayo siku hizi huitwa ILCA, walipata dawa. Chombo ni kilekile. Kinachobadilika ni tanga na kipande cha chini cha mlingoti. Tanga dogo lina mita za mraba 4.7, la kati zinakaribia 6, kubwa ni 7 na ushei. Kijana akiongezeka uzito anabadili tanga, habadili mashua. Wazee nao hawafukuzwi. Lipo hata kundi la mashindano la wenye miaka 75 na zaidi.

Mimi sioni ajabu hapo. Kusi ikichachamaa, manahodha wetu pia hufunga tanga dogo. Basi kwa nini lisifungwe kwa ajili ya mwanafunzi, asubuhi upepo ukiwa mpole?

Nilirudi kwa yule mzee na ombi moja: yeye ashike demani, kijana ashike usukani, waende mpaka penye mwamba na kurudi. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Tanga likipiga mara ya pili, namnyang'anya."

Nikasema sawa.

Watatoka Jumamosi maji yakijaa. Mpwa wangu ameshaniuliza mara mbili maji yatajaa saa ngapi, swali ambalo sikulisikia kinywani mwake mwaka mzima.