Mizani Inapima Nini?



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kupima maarifa ya watoto. Nimechagua jambo moja: uhalali. Kipimo ni halali kikiwa kinapima kile tunachodai kuwa kinapima.

Wana wa wakulima wa korosho mtanielewa upesi. Mizani ya ghalani ikisoma kilo 80 leo na kilo 80 kesho kwa gunia lile lile, ni thabiti. Lakini haisemi kama korosho za ndani ni nzima au zimeoza. Mtu akipanga madaraja kwa uzito tu, asiilaumu mizani.

Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka jaribio la kufikiri katika vijiji vya Newala. Swali mojawapo lilikuwa: "Treni na reli, basi na...?" Binti mmoja wa darasa la nne akajibu, "Masasi." Tukampa sifuri. Baada ya majuma mawili tulirudi, naye akajibu vile vile. Tukafurahi kwamba jaribio letu ni thabiti!

Mwalimu wake ndiye aliyetuuliza mtoto huyo ameiona wapi reli. Reli ya mradi wa karanga huku kusini iling'olewa miaka ya 1960, hata mimi sikuikuta. Tukabadili: "Mtumbwi na mto, basi na...?" Akasema "barabara" kabla sijamaliza. Kumbe tulipima nani amepata kuona treni, tukaandika kwamba tumepima kufikiri.

Si sisi tu tulioingia mtego huo. Robert Sternberg na wenzake walichunguza watoto wa Usenge, Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2001: waliojua zaidi dawa za miti shamba walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. Mwaka 2002 walieleza habari za watoto wa shule za karibu na Bagamoyo. Waliwapima, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja, wakawapima tena. Alama zilipanda. Tena, na hili ndilo kubwa, waliokuwa mbele mwanzoni si lazima ndio waliokuwa mbele mwishoni.

Orodha yetu ya "wazito" ilikuwa imekwisha pigwa chapa, na jina la binti yule limo. Tuliizuia siku tatu. Mkuu wangu hakupendezwa. Swali la treni tuliliondoa. Lilikuwapo na swali la friji, ambalo hakuna aliyeligundua mpaka karatasi zilipokwisha kufika Masasi.