Moshi Wetu na Pumzi ya Jirani



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumzia mashamba, mishahara, kura na rushwa. Leo naomba tuiname na kutazama chini ya gari, kwani huko nako mna suala la haki.

Magari mengi tunayonunua Afrika Mashariki yalikwisha kutumika kwingine, hasa Japani. Mwaka 2020 shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira lilieleza kwamba kati ya 2015 na 2018 Japani, Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya ziliuza ng'ambo magari madogo milioni 14 yaliyotumika, na asilimia 40 ya hayo yalikuja Afrika. Gari la petroli la namna hiyo huwa limefungwa, kati ya injini na silensa, chombo cha kusafisha moshi kiitwacho katalitiki konvata. Kwa nje chafanana na silensa ndogo. Ndani mna kigae chenye vitundu kama sega la nyuki, kilichopakwa madini adimu: platinamu, paladiamu na rodiamu.

Moshi unapopita humo, sumu zake hugeuzwa. Kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huizuia damu kubeba oksijeni, hugeuka kuwa dioksidi ya kaboni. Mvuke wa petroli ambayo haikuungua huwa maji na dioksidi ya kaboni. Oksaidi za naitrojeni, ambazo hudhuru mapafu, hugeuka kuwa naitrojeni ya kawaida. Chombo kizima kilichokwisha kupata joto huweza kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo.

Kwa nini basi hung'olewa? Gari likizeeka, chombo huweza kuziba, likashindwa kupanda mlima. Mwenye gari huambiwa: "Tukitoe, tuchomelee bomba tupu, gari litakuwa jepesi." Pengine hatozwi hata senti. Hapo ndipo dhuluma inapoanza. Madini yaliyomo yana bei kubwa, naye aliyekitoa "bure" hukipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwenye gari amenyang'anywa mali yake huku akishukuru. Kijana wa gereji anayetumwa kukivunja kigae kwa nyundo, pua wazi, huvuta vumbi lenye kudhuru mapafu kwa ujira mdogo.

Lakini dhuluma iliyo kubwa zaidi huwapata watu wasiokuwapo gereji. Mwenye gari huenda zake, moshi akawaachia wengine: mama anayechoma mahindi kituoni, mtoto aliye mgongoni mwake, askari wa barabarani, wanafunzi wanaongojea basi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 hewa chafu ya nje ilisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 duniani. Magari si chanzo pekee cha hewa hiyo, lakini ni chanzo kilicho mikononi mwetu.

Tuzipime sasa hoja tatu zinazotolewa.

Kwanza, husemwa kwamba mafuta ya kwetu hukiharibu chombo. Zamani hoja hiyo ilikuwa na msingi, maana petroli yenye madini ya risasi hukiua kabisa. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 karibu zote zilikuwa zimeiacha.

Pili, husemwa kwamba gari hupata nguvu. Kama chombo kimeziba, ni kweli. Ila chombo hakizibi bila sababu: plagi zimechakaa, injini inakula oili, au kihisio cha oksijeni kimekufa. Kukiondoa chombo ni kunyamazisha kikohozi na kuuacha ugonjwa kifuani.

Tatu, husemwa kwamba chombo kipya ni ghali. Hoja hii tusiidharau. Dereva wa teksi anayelisha watoto watano kwa gari kuukuu hana akiba ya kununulia kipya. Ndiyo maana haki haimdai yeye peke yake. Yawadai waingizaji wasiuze gari lililokwisha kuporwa chombo chake, na yaidai serikali ipime moshi kwa vifaa na kwa uaminifu, pasipo karatasi za kununuliwa.

Tufanye nini? Anayenunua gari aombe fundi mwaminifu alitazame chini kabla ya kulipa. Taa ya injini ikiwaka, ugonjwa utafutwe mapema, chombo kingali kizima. Fundi akisema kimekufa, mwenye gari adai kuoneshwa, na akidai kama mali yake. Nanyi mafundi, mkatae kazi hii. Aliyejifunza kuponya injini asiwe mwuza pumzi za watu.

Bomba la moshi hutazama nyuma, na anayeendesha hutazama mbele. Haki yatutaka tugeuze shingo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika mtaa wetu, ni akina nani wanaovuta moshi wa magari kutwa nzima?
2. Tunawezaje kuwasaidia madereva maskini watengeneze magari yao pasipo kuwadhuru wengine?
3. Ni nani anayepaswa kuulizwa kuhusu ukaguzi wa magari katika wilaya yetu, na nani ataongozana nasi kumwona?