Pini 20 kwa Kila Cherehani

Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika, Chanika, Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam



Mikutano ya ushirika aghalabu hujadili mambo makubwa: hisa, mikopo, masoko na gawio. Mazungumzo ya leo yanahusu pini ya fundi cherehani. Pengine litaonekana jambo dogo mno kuletwa mbele ya makatibu. Lakini wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Na pini ni mwiba ambao fundi mwenyewe huuchomeka katika nguo itakayovaliwa na mtu mwingine.

Kazi kubwa ya mafundi wa Chanika ni sare za shule. Kitambaa hununuliwa Kariakoo, kikapandishwa daladala kupitia Gongo la Mboto na Pugu, kikafika kwa fundi mwezi wa Desemba, wakati wazazi wamekwisha kuanza kuhesabu siku. Ada ya shule za msingi za Serikali imekwisha kuondolewa, lakini sare hununuliwa na mzazi mwenyewe, na Januari haimngojei mtu.

Na ichukuliwe kuwa chama cha mafundi 10 kimepata kazi ya mashati 200. Kazi inafanywa usiku na mchana. Pini moja inasahauliwa ndani ya ukosi. Mtoto anavaa shati siku ya kwanza ya shule, na pini inamchoma shingoni. Mama yake hamtafuti fundi aliyeshona, kwa sababu hamjui. Hulitaja jina la chama. Mashati yote 200 yanarudishwa yakaguliwe upya. Hapo ndipo linapozuka swali gumu katika mkutano: nani alipe? Ikiwa haijulikani pini ilitoka cherehani gani, hasara hukatwa kwa wote, na mafundi 9 wasio na kosa huondoka wakinung'unika. Ugomvi kama huo waweza kukivunja chama chenye fedha benki.

Dawa yake haihitaji mkopo. Ni mto mdogo wa kuchomekea pini, wenye uzito wa kukaa mezani bila kuteleza, ukiwa umeunganishwa na kifuko kinachoning'inia ukingoni mwa meza kupokea vipande vya nyuzi. Kila cherehani iwe na wake.

Vifaa ni hivi: mabaki ya kaki nzito, kiasi cha robo kilo ya mchanga, sufi, na ukanda mgumu wa plastiki unaofungia makasha ya bidhaa, wenye urefu wa sentimita 42. Mchanga wa pwani haufai, kwa kuwa una chumvi. Chumvi huvuta unyevu, pini hushika kutu, na kutu huacha doa katika shati jeupe. Uchukuliwe mchanga wa mtoni, uoshwe mpaka maji yatoke safi, uanikwe, ukaangwe juu ya moto hadi ukauke kabisa, upoe, kisha uchekechwe. Wengine hutumia maharage au mahindi badala ya mchanga. Hao huwaalika fukusi na panya kwenye meza ya kazi.

Kwanza ushonwe mfuko wa mchanga. Vikatwe vipande 2 vya sentimita 12 kwa 12, vishonwe kwa mishono midogo, mara mbili kuzunguka, sentimita 1 kutoka ukingoni, pakiachwa mdomo wa kutilia mchanga. Mchanga ukiisha kutiwa, mdomo ufungwe imara.

Pili, ushonwe ulimi: kitambaa kilichokunjwa mara mbili, chenye upana wa sentimita 12 na urefu wa 12. Huu ndio utakaounganisha mto na kifuko.

Tatu, ushonwe mto wenyewe. Vikatwe vipande 2 vya sentimita 18 kwa 18, viwekwe uso kwa uso, ncha ya ulimi ikiwa imebanwa katikati ya upande mmoja. Vishonwe pande zote, pakiachwa nafasi ya vidole vinne, kisha vigeuzwe. Mfuko wa mchanga ulazwe chini, na juu yake ishindiliwe sufi mpaka iwe na kimo cha sentimita 4 hivi, ili ncha ya pini isiufikie mchanga. Penye uwazi pashonwe kwa mkono. Sufi ikikosekana, maranda laini ya seremala yafaa, mradi yawe makavu.

Nne, kifuko. Kikatwe kitambaa cha sentimita 42 kwa 20, kiungwe kiwe kama bomba, na chini kifungwe. Juu kipindwe upindo wa sentimita 2 na nusu wa kupitishia ukanda wa plastiki, ambao huuacha mdomo wazi daima. Ncha nyingine ya ulimi ishonwe nyuma ya kifuko, chini ya upindo huo.

Mto uwekwe upande wa kushoto wa meza, mbali na gurudumu na mkanda wa cherehani ya kukanyaga. Kisha ujaribiwe: kifuko kijazwe nyuzi, pini ichomolewe kwa mkono mmoja. Mto ukiinuka au ukiteleza, mchanga ni mdogo. Fundi ameshika kitambaa kwa mkono wa pili; hana mkono wa tatu wa kuuzuia mto.

Chombo kikiisha kukamilika, faida yake yote iko katika hesabu. Kila mto uandikwe namba ya cherehani na upewe pini 20, zichomekwe safu 2 za pini 10. Fundi azihesabu asubuhi, na azihesabu tena kabla nguo hazijaondoka mezani pake. Zikiwa 19, nguo za meza hiyo zisitoke mpaka ya 20 ionekane. Sindano ikivunjika, vipande vyake vyote vitafutwe na kukabidhiwa kwa katibu kabla ya kutolewa sindano mpya. Kifuko nacho kisimwagwe ovyo: kipitishiwe kwanza sumaku, hata ile ya spika ya redio mbovu, kisha nyuzi zilizosalia ziwe kijazio cha mto mwingine.

Katibu naye awe na daftari lenye safu za tarehe, namba ya cherehani, pini zilizotolewa, zilizorudi, zilizopungua, na sahihi ya fundi. Kwa daftari hilo, upungufu hujulikana jioni ile ile na meza yake hujulikana. Mashati yanayokaguliwa ni 20 ya fundi mmoja, na yangali chini ya paa la chama.

Kuhusu mabaki ya kaki, pana neno. Kipande kilichobaki katika kitambaa cha mteja ni mali ya mteja, naye arudishiwe au aombwe ruhusa. Kipande cha kitambaa cha chama ni mali ya wanachama wote, nacho kiandikwe kimetumika wapi. Mafundi wengi wameshukiwa wizi kwa sababu ya vipande ambavyo hakuna aliyeviandika.

Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji, walifungua duka la ushirika. Bidhaa zao zilikuwa chache: siagi, sukari, unga na mishumaa. Lakini hazikuchanganywa na uchafu, na mizani yao ilikuwa ya kweli. Wanunuzi walirudi kwa sababu hiyo. Chama cha mafundi nacho kitarudiwa na wazazi ikiwa kila shati linalotoka mlangoni limekaguliwa, na aliyelikagua ametia sahihi.

Yafaa basi kila katibu, arudipo chamani, aitishe kikao cha mafundi, mto wa kwanza ushonwe mbele ya wote, na daftari lifunguliwe siku hiyo hiyo, kabla ya kazi za Desemba kuanza.