Ng'ombe Waliorudi kwa Wenyewe

Msikilizaji, kuna msafara mmoja wa miaka ya 360 ambao haunitoki akilini. Ni karibu na London, Uingereza ikiwa bado chini ya Dola ya Roma. Wanyang'anyi wameelemewa na nyara, wanaswaga ng'ombe na watu waliofungwa, wote kwa pamoja.

Ilikuwaje hata wakafika huko? Mwaka 367 Wapikti wa kaskazini, Waskoti kutoka Ireland na Waatakoti walivamia kwa mpigo. Mlinzi mkuu wa pwani, Nectaridus, akauawa. Jemadari Fullofaudes akanaswa mtegoni. Ukuta wa Hadrian, ngome ya mpaka wa kaskazini yenye urefu wa kilomita 117, ulikuwepo palepale. Ila wapelelezi wa mpakani, waitwao areani, ambao kazi yao ilikuwa kuzunguka na kuleta habari za majirani, walikuwa wameahidiwa mgao wa nyara, wakawa wanavujisha siri za Roma. Ukuta ungefanya nini hapo? Askari nao, wengi walikuwa wametoroka.

Kaizari Valentinian akamtuma jemadari Theodosius. Akavuka bahari kutoka Boulogne, akashukia Richborough na vikosi vinne, akashika njia ya London. Alipowakuta wale wanyang'anyi aliwatawanya, akawafungua mateka. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus, naye aliyepata kuwa askari, anasema mali ilirudishwa kwa wenyewe, isipokuwa sehemu ndogo waliyopewa wapiganaji waliochoka.

Hapo ndipo panaponigusa. Jemadari mwingine angesema ng'ombe wale ni ngawira yake halali, maana ameitwaa kwa upanga. Lakini mifugo ile ilikuwa ya walipa kodi, watu ambao Roma iliwaahidi ulinzi ikashindwa kuwapa. Kumrudishia mtu ng'ombe wake, tena akiwa hai, ni kumlipa deni.

Kisha, kutoka London, akatangaza msamaha: kila mtoro arejee kikosini, hataadhibiwa. Kwangu mimi tangazo hilo ni zito kuliko miji na ngome alizozijenga upya baadaye. Kwa sheria za Roma, kutoroka jeshini kungeweza kumtoa mtu roho, na watoro walilijua hilo vizuri. Ilibidi waliamini neno la mgeni aliyeshuka majini juzi tu. Wengi waliliamini, wakarudi.

Areani msamaha huo haukuwafikia. Theodosius aliwaondoa kwenye vituo vyao.