Maneno Madogo Yafuatayo Vitendo vya Kiingereza



Tangu Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha Tanga, mwaka 1922, chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, karani amejulikana kwa kalamu yake. Leo twapenda kusema habari za maneno madogo ya Kiingereza, kama "in", "out" na "with", ambayo hufuata neno la kutenda na kuligeuza maana. Wengi wetu huyadharau kwa udogo wake. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende.

Tuanze na Kiswahili chetu. "Amehama Korogwe" na "amehamia Korogwe" zatofautiana kwa herufi moja tu, nayo yatosha kupeleka faili la mtu mahali asipokuwapo. Sisi huitia tofauti hiyo ndani ya neno. Waingereza huiweka nyuma yake. Kwa hiyo haifai kutafsiri neno dogo peke yake. Hayo mawili ni neno moja, na yajifunzwe pamoja.

"To deal with licences" ni kushughulikia kazi ya leseni. "To deal in licences" ni kuzifanyia biashara. Aandikaye la pili katika barua ya kuomba kazi amejishtaki mwenyewe. Tena, tuseme mahindi ya njaa yamepelekwa Handeni. Taarifa ikisema "handed out", watu wamegawiwa. Ikisema "handed in", yamekabidhiwa ofisini. Neno moja likikosewa, mkubwa atadhani watu wamekwisha kula, kumbe wangali na njaa.

Mahali pa neno pia pana kanuni yake. "Fill in the form" na "fill the form in" zote ni sawa. Bali ukitumia "it", huna budi kusema "fill it in". Lakini "look after it" haigeuzwi kamwe.

Shauri letu ni hili: kila mmoja awe na daftari dogo, aandike maneno hayo mawili mawili, pamoja na sentensi nzima ya kazi yake. Na kabla barua haijatiwa sahihi, mwenzake aisome.

Ndugu, mzee atokaye kijijini hawezi kuisahihisha barua ya Kiingereza tunayomwandikia. Ametuamini tu. Yatupasa kuistahili imani hiyo.